Mpira wa mkojo, stenti au pampasi: kipi kinakera zaidi, kipi kinaleta yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) zaidi

Nianze na kosa letu wenyewe ili usilirudie. Mzee alipoanza kulowesha suruali sisi tulikimbilia pampasi za watu wazima, tukaona tumemaliza kazi, shuka kavu, chumba hakinuki, na yeye mwenyewe alikuwa anaona aibu kulizungumza kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi. Kumbe kibofu kilikuwa kimejaa hadi pomoni, na kilichokuwa kinavuja ni kile cha juu tu kinachofurika, kama ndoo iliyosahaulika chini ya bomba. Baada ya wiki tatu hivi tumbo la chini likawa gumu kama ubao, hali chakula, anatapika, anaongea vitu havieleweki, kufikishwa hospitali wakamwekea mpira ikatoka lita moja na nusu na zaidi, vipimo vikaonyesha figo zimeshaanza kulemewa. Wakamlaza maana kibofu kikizibuliwa hivo figo zinaweza kumwaga mkojo mwingi mno masaa yanayofuata, mtu akaishiwa maji na chumvi mwilini.

Kwa hiyo ukiniuliza kati ya mpira, stenti (kibomba cha ndani kinachoshikilia njia ya mkojo ibaki wazi) na pampasi kipi bora, na mimi nitakuuliza kwanza: mkojo unavuja kwa sababu hauzuiliki, au unavuja kwa sababu hautoki? Kwa mbali vinafanana kabisa, nguo inalowa vilevile. Ila kama hautoki, pampasi haitakusaidia kitu, inaficha tatizo tu. Na kama hauzuiliki lakini kibofu kinajimwaga vizuri, kuwekewa mpira wa kukaa ni kujitafutia yutiai bila sababu. Kujua ni rahisi, mtu anakojoa, afu anapigwa ultrasaundi ya kibofu hapohapo kuona kimebaki kiasi gani, dakika chache na haiumi. Ikibaki chini ya mililita 100 kwa kawaida hamna shida, ikibaki 300 na kuendelea hapo mazungumzo yanabadilika. Usikubali kuchagua chochote kabla ya hicho kipimo, nasema kama mtu niliyeungua.

Mpira wa kukaa

Huu ndo wengi wanaujua, katheta ya Foley, unaingia kwenye njia ya mkojo mpaka kibofuni, kule ndani kuna kibaluni kinajazwa maji yasiyo na vijidudu, mara nyingi mililita 10, ili usichomoke, na huku nje unaunganishwa na mfuko. Saizi zinaitwa kwa namba za Kifaransa, namba moja ni theluthi ya milimita, kwa hiyo 14 ni unene wa milimita 4.7 hivi na 16 ni 5.3. Watu wanadhani mnene ndo unatoa vizuri, hapana, kwa mkojo wa kawaida usio na mabonge ya damu ule mwembamba unatosha na haukeri sana. Hili ni la kuuliza, kuna watu wanateseka miezi na saizi waliyowekewa siku ya dharura na hakuna aliyekumbuka kuipunguza.

Kero yake kubwa sio kule kuingizwa, kule ni dakika mbili na jeli ya ganzi. Nakumbuka nesi alimwambia mzee, "Baba, vuta pumzi, kohoa kidogo," na kabla hajamaliza kukohoa mpira ulikuwa umeshaingia, mzee akasema "binti yangu, nilijiandaa kupiga kelele bure." Kero inakuja siku zinazofuata. Kibofu kinauona mpira kama mgeni kinajikaza kuutoa, unasikia haja ya ghafla yenye maumivu, mkojo unapita pembeni ya mpira unalowa tena, na kosa linalofanyika hapo ni kuomba mpira mnene zaidi uzibe, wakati mnene unakichokoza kibofu zaidi. Dawa zipo za kukituliza. Ila kabla ya dawa angalia choo kubwa, mtu aliyefunga choo utumbo unabana mpira na kila kitu kinavuruga, kwa mzee wetu nusu ya matatizo yalikwisha alipoanza kupata choo.

Nyingine ni kuvutwa. Mfuko ukijaa una uzito, ukining'inia kwenye mpira unavuta hadi kidonda kinatokea pale mdomoni pa njia ya mkojo. Kuna mkanda wa pajani wa kuushika, ni kitu kidogo mno na ndo chenye tofauti kubwa kuliko vyote nilivyonunua. Afu kwa mwanaume ambaye hajatahiriwa, ukishamsafisha rudisha ngozi mbele, ikiachwa nyuma inavimba inakaba na inakuwa dharura.

Sasa upande wa maambukizi, na hapa ndo mpira wa kukaa unashindwa na wote. Kila siku inayopita nafasi ya bakteria kuingia kwenye mkojo ni asilimia 3 hadi 7, kwa hiyo ukifika mwezi karibu kila mtu anao. Wanapanda kwa nje wakifuata mpira kutoka kwenye ngozi, au wanapita kwa ndani kutoka mfukoni, hasa mnapochomoachomoa pale kwenye maungio. Wakifika wanajitengenezea utando, ule utelezi unaousikia kidoleni ukipitisha ndani ya ndoo ya maji iliyokaa siku nyingi bila kusuguliwa, ni kitu hichohicho, na antibayotiki haiupenyi vizuri. Kuna mmoja anaitwa Proteus mirabilis huyo ndo msumbufu kuliko wote, anageuza yurea, ile taka iliyomo kwenye mkojo, kuwa amonia, mkojo unakuwa wa alkali (kinyume cha asidi), chumvi zinaganda kama magamba ya kwenye birika na mpira unaziba. Watu wengine mipira inaziba kila baada ya wiki mbili sababu ya huyo.

Lakini hapa wengi wanachanganya, na sisi tulichanganya: bakteria kuwepo kwenye mkojo wa mtu mwenye mpira sio ugonjwa. Mkojo kunuka au kuwa na ukungu peke yake sio sababu ya kumeza antibayotiki, unawaua wale wapole na kuwaachia uwanja wale sugu, afu siku unaumwa kweli dawa haifanyi kazi. Kinachotibiwa ni dalili, homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno au chini ya kitovu, mtu mzima kuchanganyikiwa ghafla. Wanaotibiwa bila dalili ni wachache, kama mjamzito au anayekaribia kufanyiwa operesheni ya njia ya mkojo. Na kama ni maambukizi kweli na mpira umekaa zaidi ya wiki moja, omba ubadilishwe na mkojo wa kupima uchukuliwe kwenye mpira mpya, ule wa zamani unapima utando tu. Kuna siku pia mfuko wa jirani yetu wodini uligeuka zambarau kabisa, kila mtu akadhani kalogwa, kumbe ni bakteria fulani wanatengeneza rangi, inatokea sana kwa watu wenye mpira wa muda mrefu waliofunga choo.

Kupunguza hatari hakuna uchawi. Mikono kuoshwa kabla na baada, mfuko ukae chini ya kibofu muda wote lakini usiguse sakafu, umwagwe ukifika nusu au theluthi mbili, na maungio yasifunguliwe ovyo, usiku mfuko mkubwa unachomekwa chini ya ule wa mguuni bila kuung'oa ule wa mguuni. Pale nje maji na sabuni ya kawaida mara moja kwa siku inatosha, usipake dawa kali, na kuoshaosha kibofu kila siku eti kuzuia yutiai hakusaidii. Mpira wa silikoni unaweza kukaa hadi wiki 12, ule wa lateksi uliopakwa tefloni kwa kawaida hauzidi wiki 4. Siku moja kijana alimgeuza mzee kitandani akauweka mfuko juu ya godoro asiusahau, nia njema kabisa, tukauona asubuhi umelala sambamba naye, na mkojo uliokuwa mfukoni umeshaanza kurudi mrijani.

Upo pia mpira wa kupitia tumboni, katundu kadogo juu ya kinena. Njia ya mkojo inabaki huru, kukaa na kutembea kunakuwa rahisi, hata mambo ya chumbani yanawezekana, na kubadilisha hakusumbui sana kitundu kikishakomaa. Maambukizi ya muda mrefu yako palepale tu, maana bado kuna kitu kigeni ndani ya kibofu. Ni bora kwa starehe, sio kwa vijidudu.

Kujitoa mkojo mwenyewe

Hii watu wanaiogopa na mi naona ndo inastahili kuangaliwa mwanzo kabisa kama tatizo ni mkojo kutotoka. Unaingiza mpira mwembamba, mkojo unatoka, unautoa, unatupa, basi, mara 4 hadi 6 kwa siku. Hakuna kitu kinachobaki ndani, kwa hiyo utando haupati muda wa kujijenga, na kibofu kinajaa na kujimwaga kama kilivyoumbwa. Zamani ilidhaniwa lazima kila kitu kiwe hakina kijidudu hata kimoja kama chumba cha upasuaji, mpaka mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Marekani na wenzake wakaonyesha kwamba usafi wa kawaida wa mikono unatosha, kwa sababu kinacholeta maambukizi zaidi ni kibofu kuachwa kikajaa kupita kiasi kikatanuka. Hiyo ilibadilisha maisha ya watu wengi mno, hasa waliovunjika uti wa mgongo.

Yutiai zipo, sidanganyi, wengine wanapata mara kadhaa kwa mwaka, ila kwa jumla ni afadhali kuliko mpira wa kukaa. Siri yake ni ratiba, usiache kibofu kikapita mililita 400 au 500, ukiruka zamu mbili sababu uko safarini ndo hapo homa inakukuta. Kuna mipira iliyopakwa utelezi, ikilowa maji inateleza yenyewe, njia ya mkojo haichubuki, kama unaipata chukua hiyo. Inahitaji mikono inayotii na macho yanayoona, au mtu wa kukufanyia. Mwanamke mwanzoni anatumia kioo kidogo afu baada ya wiki vidole vinajua vyenyewe. Asiyefaa ni yule ambaye mikono inatetemeka sana au kumbukumbu imepotea na hana msaidizi.

Uroshiti

Ni kama kondomu yenye bomba chini yake, inaunganishwa na mfuko, ni ya wanaume ambao mkojo unatoka vizuri ila hauzuiliki. Hakuna kitu kinachoingia mwilini, maambukizi yanapungua ukilinganisha na mpira wa kukaa na wanaume wengi wanasema hawausikii kabisa. Shida ni ngozi na saizi. Ikibana inakata damu, ikilegea inavuja au inachomoka usiku wa manane na kitanda kizima kinalowa. Pima kwa karatasi ya vipimo kabla ya kununua boksi zima, badilisha kila siku, osha, kausha vizuri kabla ya kuvaa nyingine, na usifunge plasta ya kawaida kuzunguka uume kwa hali yoyote ile.

Stenti, na hapa kuna mbili

Watu wanaposema stenti ya mkojo wanachanganya vitu viwili visivyohusiana. Ya kwanza inakaa kwenye tezi dume, ya pili inakaa juu kule kati ya figo na kibofu. Ukiambiwa stenti uliza ya wapi.

Ya tezi dume ndo inashindana na mpira. Ni kibomba kifupi kinachoshikilia njia iliyobanwa na tezi ibaki wazi, lakini kinaishia kabla ya ule msuli wa kuzuia mkojo, kwa hiyo mwanaume anabana na kuachia mwenyewe, anakojoa msalani, hana mfuko, hana bomba linaloning'inia. Kwa starehe inaushinda mpira mbali. Zile za muda zinawekwa kama mpira tu bila kulazwa na zinakaa mwezi hivi, mfano mtu anasubiri operesheni au anasubiri uvimbe ushuke baada ya matibabu. Siku za mwanzo unasikia kuungua na haja za mara kwa mara, inaweza kuteleza ikahama, na chumvi zinaganda juu yake vilevile. Maambukizi bado yapo maana ni kitu kigeni, ila ile njia ya vijidudu kupanda kutoka mfukoni haipo. Sharti lake moja ambalo halina mjadala, msuli wa kibofu uwe na nguvu ya kusukuma. Kibofu kilicholegea kwa sababu ya kisukari cha miaka mingi au mishipa ya fahamu, stenti itaacha mlango wazi lakini hakuna wa kusukuma. Zile za waya za kudumu zilizokuwa zinawekwa zamani nyingi zimeachwa, nyama ziliota kupitia matundu yake na kuzitoa ikawa vita.

Ya pili ni ile ya juu, wanaiita dabo jei kwa sababu imejikunja ncha zote mbili, moja kwenye figo nyingine kwenye kibofu, urefu sentimita 22 hadi 28. Hii haishindani na mpira wala pampasi, inawekwa pale mawe au uvimbe vimeziba mkojo usishuke kutoka figo. Niliivaa mimi mwenyewe wiki tano baada ya kutolewa jiwe, naomba nisirudie. Ile ncha ya chini inakuna kibofu kila ukitembea, unakojoa kila nusu saa, na ukikojoa unasikia kisu kinapanda ubavuni kwa sababu mkojo unarudi juu kupitia stenti, afu ukipanda ngazi mkojo unatoka mwekundu. Hadi watu wanne kati ya watano wanalalamika kitu kama hicho, kwa hiyo sio wewe mdekaji. Tamsulosini, dawa ya kulegeza misuli ya njia ya mkojo, ilinisaidia sana, maji ya kutosha, na kukojoa bila kukamua.

Hatari yake kubwa ni kusahaulika kuliko hata yutiai ya wiki ya kwanza. Kawaida haitakiwi kupita miezi 3 hadi 6. Maumivu yanaisha, mtu anajisikia vizuri, anahama, anapoteza karatasi, miaka miwili baadaye ncha zimegeuka mawe na kuitoa kunataka operesheni zaidi ya moja, wengine wanapoteza figo. Andika tarehe ya kutolewa kwenye simu yako na ya mtu mwingine, usitegemee hospitali ikupigie. Mimi hawakunipigia, niliwafuata.

Pampasi na pedi

Kwa upande wa vijidudu kuingia kibofuni pampasi iko salama zaidi ya mpira, hakuna kitu ndani. Kero na hatari yake iko kwenye ngozi. Mkojo ukikaa unageuka amonia, ngozi inalainika kama vidole vya mtu aliyefua kutwa, inachubuka, fangasi wanaingia, na kama choo kubwa imechanganyika ndani uharibifu unaenda haraka mara dufu, hasa kwa mwanamke ambaye bakteria wa choo wana safari fupi tu kufika kwenye njia ya mkojo. Kwa hiyo pampasi iliyoachwa masaa mengi na yenyewe inaleta yutiai.

Zile nzuri zina chembechembe zinazogeuka jeli zikilowa, zinafungia mkojo chini na juu panabaki pakavu. Usivae mbili kwa pamoja, ile ya nje hailowi inaongeza joto tu, nunua moja yenye uwezo zaidi. Krimu ya kukinga ipakwe nyembamba, ukipaka zinki nzito kama plasta ya ukuta inaziba matundu ya pampasi mkojo unabaki juu ya ngozi. Saizi kubwa kuliko mwili inavuja mapajani, hilo nalo tulijifunza kwa shuka. Kwa mtu anayevuja matone akicheka au kukohoa pedi nyembamba inatosha, sio lazima pampasi nzima, ila asiishie hapo, mazoezi ya msuli wa nyonga na dawa vinaweza kumtoa kabisa kwenye pedi.

Na usiwaonee aibu wanaokataa pampasi. Mzee alikubali mpira kirahisi lakini pampasi ilimliza, alisema mpira ni ugonjwa, pampasi ni utoto. Hilo nalo lina uzito wake kwenye kuchagua, mtu akikichukia kitu anakivua usiku.

Ningepanga vipi mimi

Mkojo hautoki na mikono inafanya kazi, ningejaribu kujitoa mwenyewe kwanza. Mikono haifanyi kazi ila kibofu kina nguvu na tezi ndo kikwazo, ningeuliza kuhusu stenti ya tezi kwa kipindi cha kusubiri. Vikishindikana vyote hivo ndo mpira wa kukaa, na ukiwa wa maisha bora wa tumboni. Mkojo unatoka ila hauzuiliki, mwanaume ningempa uroshiti mchana na pampasi usiku, mwanamke pedi au pampasi huku anatibiwa chanzo. Mpira wa kukaa kwa mtu wa hivi ningeukubali tu kama ana vidonda vya mgongo vinavyolowa, au yuko mwisho wa maisha na kumgeuza kila saa kunamtesa. Na aliyewekewa mpira siku ya dharura aulize kila wiki, bado nauhitaji? Mara nyingi mtu anapewa dawa ya kulegeza shingo ya kibofu siku mbili tatu afu unatolewa wanaona kama anakojoa, ila lazima mtu akumbuke kuujaribu.

Vya kukimbilia hospitali usiku uleule ni hivi: mpira hautoi kitu masaa manne na tumbo linauma (angalia kwanza kama bomba limekunjika chini ya paja, msicheke, hutokea), homa na kutetemeka, mabonge ya damu, mpira kuchomoka na kibaluni kikiwa kimejaa, mwenye stenti kupata homa na maumivu ya ubavu. Na aliyeumia uti wa mgongo kwa juu, kuanzia usawa wa katikati ya kifua kupanda, mpira ukiziba presha inaweza kuruka ghafla, kichwa kinapasuka, uso unatoka jasho na kuwa mwekundu, huyo mkalishe wima, nyoosha bomba, na aondoke saa hiyohiyo.

Mzee alijaribiwa kutolewa mpira mara mbili akashindwa. Mara ya tatu hawakumjaribu, walimfundisha kujitoa mwenyewe, akiwa na miaka 74, akagoma siku nne, ya tano akaniambia nitoke nje nifunge mlango. Sasa hivi anafanya saa 12 asubuhi, saa 6, saa 12 jioni na kabla ya kulala, akisafiri anavaa na pedi nyembamba kwa wasiwasi tu, na yule anayemkumbusha ratiba ni yeye mwenyewe, sisi akishatuona tunaangalia saa anakasirika.